Pilipili kali kutoka mbegu Nyanda za Juu Kusini: dalili, vyanzo na tiba

Mbegu ya pilipili kali iliyo kwenye udongo wa nyuzi 16 za Selsiasi haijafa, wala haioti. Inasubiri, na aghalabu huozea hapo hapo inaposubiri. Lawama nyingi za "mbegu feki" zinazosikika kuanzia Iringa hadi Tunduma chanzo chake ni hiki, na mwenye duka la pembejeo hubebeshwa kosa la baridi.

Pilipili mbuzi na ndugu zake wakali zaidi, yaani Bhut Jolokia, Trinidad Scorpion na Carolina Reaper, huhesabiwa katika spishi moja, Capsicum chinense, ambayo asili yake ni nchi za joto za Amerika, upande wa bonde la Amazon. Pilipili kichaa, Capsicum frutescens, ni spishi nyingine, nayo huota kwa taabu karibu sawa na hizo. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu 1,600, Njombe karibu 1,900. Kuanzia Juni hadi Agosti mchana una jua safi, lakini alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10 mara nyingi, na Njombe na Makete umande huganda. Mmea unaishi kwa joto la usiku kama unavyoishi kwa joto la mchana, na joto linaloamua ni la udongo, si la hewa.

Kwa hiyo kabla ya kununua dawa yoyote, nunua kipimajoto. Kichomeke kwenye udongo wa trei au kiriba, kina cha sentimita 2, ukisome saa 12 asubuhi na saa 8 mchana, siku tatu mfululizo. Andika. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanaanza kueleweka ukiwa na namba hizo mkononi.

Wasomaji wa Kyela na bonde la Usangu mna shida tofauti: kwenu joto lipo, na kinachosumbua zaidi ni wadudu na jua la Oktoba. Mnaweza kuruka sehemu za baridi.

Mbegu hazioti, wiki ya tatu sasa

Kwanza hakikisha muda umefika. Pilipili mbuzi kwenye udongo wa nyuzi 27 hadi 30 huchomoza kati ya siku 8 na 20. Carolina Reaper na wenzake wanaweza kufika wiki 4 hata hali ikiwa nzuri. Chini ya nyuzi 20 hesabu hizi hazina maana tena.

Fukua mbegu mbili uzibonyeze kwa ukucha. Ikiwa ngumu na nyeupe ndani, bado ni nzima, ongeza joto. Ikipasuka na kutoa ute wenye harufu, imeoza: udongo ulikuwa baridi na umelowa mno. Ikiwa kavu na nyembamba kama ganda tupu, haikuwa na kiini tangu mwanzo, maana yake ilitolewa kwenye tunda ambalo halijaiva.

Njia za kupata joto bila kuingia gharama kubwa ni kadhaa, na iliyo bora kwa nyumba nyingi ni boksi jeupe la povu linalobebea samaki. Weka trei ndani, pembeni weka chupa mbili za lita 1.5 zenye maji ya moto, funika na kifuniko chake, kisha blanketi kuukuu juu. Maji yasiwe yamechemka kabisa, kwa sababu chupa za plastiki za maji hujikunja na kuvuja. Changanya maji ya moto sufuria mbili na ya baridi sufuria moja. Badilisha saa 3 usiku na tena alfajiri. Mchana toa boksi juani likiwa limefunikwa nailoni angavu, lakini angalia kipimajoto: jua la saa 7 linaweza kupandisha ndani zaidi ya nyuzi 40, na hapo mbegu hupikwa.

Mwenye umeme wa uhakika anaweza kufunga taa ya vifaranga, ile ya kizamani inayotoa joto, wati 40, ndani ya boksi la mbao umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye trei. Taa za LED hazifai kwa kazi hii; zinatoa mwanga, joto hakuna. Juu ya friji ni mahali pa kujaribu, ila friji za kisasa nyingi hazipashi juu kama za zamani, kwa hiyo pima usikisie. Anayefuga ng'ombe ana njia nzuri kuliko zote: chimba shimo la sentimita 50, jaza samadi mbichi iliyochanganywa na mabua ya mahindi, mwagia maji kiasi, shindilia, subiri siku 4 hadi 6 ichemke na kutulia, kisha funika kwa sentimita 10 za mchanga na upange trei juu yake. Joto hudumu wiki kadhaa.

Kuloweka mbegu usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu kunalainisha ganda na kunasaidia. Kuloweka kwenye chai ya rangi iliyopoa, ushauri unaopendwa sana, hakuna ubaya, ila kwenye udongo baridi hakubadilishi lolote.

Kina cha kusia ni nusu sentimita hadi sentimita moja. Zaidi ya hapo mche huishiwa nguvu njiani. Udongo wa kusia usiwe na samadi nyingi wala mbolea ya chumvichumvi. Mchanganyiko unaofaa: pumba za mpunga zilizochomwa, kopo 2, mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa, kopo 2, mchanga wa mtoni uliooshwa, kopo 1. Pumba zinapatikana bure au karibu na bure kwenye mashine za mpunga za Mbarali na Kyela. Udongo wa chini ya mipaina ya Mufindi, ambao watu huuchota kwa sababu ni mweusi na laini, una tindikali nyingi na ni maskini wa virutubisho. Usiutumie peke yake.

Kama joto liko sawa na bado kimya, pima mbegu zenyewe. Funga mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, tia kwenye mfuko wa nailoni, weka mahali penye nyuzi 28. Zikiota chini ya 4 baada ya siku 21 (Carolina Reaper na wenzake siku 28), tafuta mbegu nyingine. Mbegu zilizoanikwa juu ya bati la jua kali, au zilizokaa mwaka mzima juu ya jiko, mara nyingi zimekufa. Anika kivulini kwenye upepo, hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na utumie ndani ya miaka 2 au 3.

Kuhusu majina ya mbegu: pilipili iliyotambuliwa na Guinness mwaka 2023 kuwa kali kuliko zote, Pepper X, ilitangazwa bila mbegu zake kutolewa kwa umma. Pakiti yenye jina hilo itilie shaka.

Mche umechomoza ukiwa umevaa ganda la mbegu kichwani

Umesiwa juu mno, au udongo wa juu ulikauka. Dondoshea tone la maji ya uvuguvugu kwenye ganda, subiri saa moja, rudia, kisha livute taratibu kwa ncha za vijiti viwili. Usivute kavu; utaondoka na majani yenyewe.

Miche iliyokuwa mizuri jana imeanguka leo, shina limebana usawa wa udongo

Hicho ni kinyausi. Vimelea vya udongoni hushambulia shina pale linapotokea ardhini, linakuwa jembamba na la kahawia, mche unalala. Ulioanguka hauponi. Kazi ni kuokoa waliosalia, na kazi hiyo inafanywa siku hiyo hiyo: ng'oa wagonjwa pamoja na udongo unaowazunguka, ondoa kifuniko cha nailoni, acha kumwagilia mpaka udongo wa juu upauke, sogeza trei penye hewa na mwanga.

Sababu za kinyausi huku kwetu huja pamoja: udongo wa bustanini usiopitishwa kwenye moto, maji ya bomba ya baridi jioni, na nailoni iliyoachwa imefunika usiku na mchana hata baada ya miche kuota. Mbegu zinahitaji kifuniko; miche haikihitaji. Nusu ya mbegu ikishachomoza, funua.

Maji ya bomba yanayoshuka milimani ni ya baridi kiasi cha kuudumaza mzizi. Yajaze kwenye ndoo asubuhi, yaache juani, mwagilia saa 5 au 6 ili udongo uwe umepumua kabla ya usiku. Mwagilia kwa kuweka trei ndani ya beseni lenye maji ya sentimita 2 kwa dakika 15, kisha itoe ichuruzike.

Udongo wa kusia upikwe kwa mvuke. Tia maji kidogo chini ya sufuria kubwa kuukuu, weka mawe, juu yake gunia lenye udongo wenye unyevu, na katikati ya udongo fukia kiazi mviringo kidogo. Funika, washa moto. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Ukiendelea kuchemsha baada ya hapo unauharibu. Uache upoe siku chache ukiwa umefunikwa.

Unga wa mdalasini unaonyunyizwa juu ya udongo husaidia kidogo kuzuia ukungu wa juu. Usiutegemee kama tiba.

Miche ni mirefu, myembamba, imeegemea dirishani

Mwanga hautoshi. Dirisha la nyumba lenye pazia halikuzi pilipili. Msimu wa baridi wa Mbeya na Iringa una faida moja kubwa, nayo ni jua la mchana lisilo na mawingu, kwa hiyo toa trei nje saa 3 asubuhi, zirudishe ndani saa 10 jioni kabla ubaridi haujashuka. Siku ya kwanza saa moja tu, kivuli chepesi, kisha ongeza saa moja kila siku kwa siku 7 hadi 10. Ukiruka hatua hii, majani huwa na mabaka meupe makavu kama karatasi. Hayo si ugonjwa, ni kuungua, kwa sababu jua la mwinuko huu ni kali ingawa hewa ni baridi. Majani mapya yatatoka salama.

Mche uliorefuka ufukie mpaka chini kidogo ya majani ya kwanza unapouhamishia kwenye kiriba.

Mche umedumaa, mishipa na upande wa chini wa jani ni zambarau

Wengi hukimbilia mbolea ya fosfeti, na mara nyingi fosfeti imo udongoni tayari. Mzizi ulio kwenye udongo wa baridi unashindwa kuifyonza. Inua viriba kutoka sakafuni, hasa sakafu ya sementi, uviweke juu ya mbao au kreti. Udongo ukipanda juu ya nyuzi 18 usiku, rangi huanza kurudi ndani ya wiki mbili. Lakini baadhi ya aina zina vifundo vya zambarau kwa asili. Ikiwa mche unakua na majani ni ya kijani, achana nao.

Wakati wa kusia ndio unaoamua mengi hapa. Kwa Mbeya, Iringa na Njombe sia kati ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti, ndani ya boksi la joto, ili miche ya wiki 8 hadi 10 itoke nje Oktoba, wakati usiku umeanza kupata joto. Anayesia nje mwezi Mei atakuwa na miche ya ukubwa wa kidole mpaka Septemba.

Majani ya njano

Angalia njano imeanzia wapi. Majani ya chini yote yakipauka kwa pamoja, mmea una njaa ya naitrojeni: kwa miche, kijiko cha chai kimoja cha mbolea ya NPK 17-17-17 kwenye maji lita 5, mara moja kwa wiki; kwa mmea mkubwa kwenye ndoo ya lita 20, kijiko cha chai kimoja kavu kuzunguka ukingo kila wiki 3, kisha maji. Njano kati ya mishipa kwenye majani ya zamani ni upungufu wa magnesi, na kijiko cha chai cha chumvi ya Epsom kwa lita 1 ya maji, kikinyunyiziwa majani jioni mara mbili kwa mwezi, kinatosha. Njano kwenye majani machanga huku mishipa ikibaki kijani ni upungufu wa chuma, na chanzo kikubwa majumbani ni majivu ya jikoni. Kiganja kimoja cha majivu kwa ndoo kinafaa kwenye udongo wa tindikali wa Njombe na Mufindi. Kopo zima kila wiki linaondoa tindikali ya udongo mno mpaka chuma hakifyonzeki.

Na kama udongo umelowa muda wote, hakuna mbolea itakayosaidia. Inyanyue ndoo: ikiwa nzito, usimwagilie.

Majani yamejikunja

Hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi za dawa, kwa sababu wanapulizia bila kugeuza jani. Geuza jani la juu kabisa, tumia kioo cha kukuzia kama unacho, au kamera ya simu iliyosogezwa karibu.

Ukingo umejikunja kuelekea juu, jani lina mng'ao wa fedha na vidoti vyeusi: vithiripi. Piga tawi juu ya karatasi nyeupe. Vitaanguka vijidudu virefu vyembamba vinavyokimbia. Ukingo umejikunja kuelekea chini, jani changa ni gumu, jembamba, la rangi ya shaba upande wa chini, na ncha ya mmea imeacha kukua: utitiri mpana, mdogo kiasi kwamba jicho tupu halimwoni. Jani limejikunja bila mpangilio, linanata, na sisimizi wanapanda na kushuka: wadudu mafuta. Ukitikisa mmea na wingu dogo jeupe likaruka: inzi weupe, shida zaidi ya Kyela na Usangu.

Wadudu mafuta na inzi weupe: sabuni ya mche iliyokunwa, kijiko cha chai kimoja kilichojaa kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, chuja, puliza chini ya majani jioni, rudia kila siku 4 mara tatu. Sabuni ya unga inaunguza majani. Vithiripi huhitaji zaidi ya sabuni. Dawa ya pareto, zao linalolimwa hapa hapa kwenye milima yetu, inafanya kazi vizuri ikipuliziwa jua likizama, kwa kuwa mwanga huivunja haraka na pia nyuki watakuwa wamelala. Utitiri si mdudu, na dawa nyingi za wadudu hazimgusi. Zingine humuongeza kwa kuua maadui zake. Tumia salfa ya kuyeyuka kwenye maji, gramu 2 hadi 3 kwa lita 1, ikifika kila jani changa, rudia baada ya siku 7. Usichanganye salfa na mafuta ya mwarobaini, wala usivipulizie kwa kupishana chini ya wiki 2, majani yataungua.

Ikiwa hakuna mdudu, na jani lina mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu, limekunjamana, mmea ni mfupi: batobato, ugonjwa wa virusi. Hauna dawa. Ng'oa, choma. Aina moja ya virusi hivi hukaa kwenye tumbaku iliyokauka, hata kwenye sigara na ugoro, kwa hiyo mvutaji, au mtu anayetoka kwenye tumbaku ya Chunya, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Nyingine huenezwa na wadudu mafuta, ambayo ni sababu nzuri ya kutowavumilia hata wakiwa wachache.

Mche umekatwa usawa wa ardhi

Ni sota, kiwavi wa udongoni. Fukua sentimita 3 kuzunguka shina, utamkuta amejikunja. Kata makopo ya plastiki yawe pete za sentimita 8, zizamishe sentimita 3 kuzunguka kila mche mpya. Kama kuna ute unaong'aa na majani yametobolewa, ni konokono. Waokote usiku kwa tochi.

Mmea mkubwa umenyauka ghafla

Je, unanyauka mchana na kusimama jioni? Ndoo ni ndogo au jua ni kali; mmea wa pilipili mbuzi unataka ndoo ya lita 15 hadi 20 yenye matundu 6 hadi 8 chini. Unanyauka huku udongo umelowa? Mizizi inaoza. Shina limekuwa jeusi usawa wa udongo baada ya wiki ya mvua? Ni kuoza shina, na tiba yake ni kinga: inua ndoo juu ya matofali, uhamie chini ya upenu.

Unanyauka ukiwa wa kijani kabisa, majani hayajapauka, na hausimami tena? Kata kipande cha shina sentimita 10 kutoka karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usikitikise. Nyuzi nyeupe za maziwa zikianza kushuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Bakteria huyu, Ralstonia solanacearum, ndiye yule yule anayeua viazi mviringo na nyanya. Udongo uliochotwa kwenye shamba la viazi la Uporoto au Njombe, au la nyanya la Ilula, unaweza kuwa naye hata kama haukuonyesha dalili. Hakuna dawa ya kuupulizia. Mmea, udongo na mizizi vyote vitoke nje ya bustani, visiende kwenye shimo la mboji. Ndoo ioshwe kwa sabuni na maji ya moto, jembe na kisu pia. Usipande pilipili, nyanya, bilinganya wala viazi kwenye udongo huo, panda mahindi.

Ukikuta mizizi ina vinundu visivyobanduka, ni minyoo fundo, na udongo nao haufai tena kwa pilipili.

Maua yanapukutika

Usiku chini ya nyuzi 15, au mchana juu ya nyuzi 33 hivi, chavua haifanyi kazi, ua linaanguka likiwa na kikonyo chake. Huku juu sababu ni ya kwanza. Kyela mwezi Oktoba na Novemba ni ya pili, na dawa yake ni kivuli cha wavu saa za mchana. Maua machache ya kwanza huanguka hata hali ikiwa nzuri. Usiyahesabu.

Mmea uliojaa majani makubwa ya kijani kizito bila ua hata moja umeshiba samadi ya kuku. Acha mbolea ya naitrojeni wiki 4. Mmea ulio chini ya paa la nailoni hauna nyuki wala upepo: utikise taratibu kila siku kati ya saa 4 na saa 6. Kwa upande mwingine, kwa watu wa Makambako upepo ndio adui. Weka kizuizi cha magunia upande unakotokea, na nguzo kwa kila mmea.

Matunda yana kasoro

Doa jeusi la kuzama kwenye kitako cha tunda changa ni upungufu wa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu ipo ila maji yanakuja kwa mafungu: ukame siku 4, kisha mafuriko. Mwagilia kidogo kidogo kwa ratiba, tandaza majani makavu juu ya udongo. Kwenye udongo wa tindikali changanya chokaa ya kilimo, vijiko vya chakula 2 kwa ndoo ya lita 20, wiki 3 kabla ya kupanda. Maganda ya mayai yanaoza polepole mno kuokoa msimu huu.

Madoa ya mviringo yaliyozama kwenye tunda linaloiva, yenye duara ndani ya duara, ni chule. Hushamiri kwenye mvua za Januari hadi Aprili, na Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, karibu huwezi kuikwepa bila paa. Nailoni juu ya fito nne, pembeni wazi, inafanya kazi kuliko dawa. Kama lazima upulizie, dawa za kopa, yaani zenye madini ya shaba, zinasaidia kama kinga kabla doa halijaonekana. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko. Vijiupele kwenye ngozi ya pilipili kali kama Bhut Jolokia ni umbile lake.

Matunda mabichi ya Mei hayaivi nje. Tangu ua mpaka tunda jekundu ni wiki 8 hadi 10 kwenye ubaridi, kwa hiyo toa maua yote mapya kuanzia Aprili ili nguvu iende kwenye matunda yaliyopo. Tunda lililoanza kubadilika rangi litaiva ndani ya nyumba. La kijani kabisa litasinyaa.

Pilipili haziwashi

Si kweli kwamba hoho iliyopandwa jirani hupunguza ukali wa matunda ya mwaka huo. Kapsaisini, kemikali inayofanya pilipili iwashe, hutengenezwa kwenye utando mweupe wa ndani, na utando huo ni wa mmea mama, si wa chavua ya jirani. Tofauti inaonekana kwenye mmea utakaotokana na mbegu za tunda hilo. Ndiyo maana mbegu za sokoni hutoa mimea isiyofanana. Ukitaka mbegu safi, vika tawi lenye vichomozo vya maua kipande cha chandarua kabla hayajafunguka, tikisa kila siku, na matunda yakishafunga toa chandarua na ufunge uzi wa alama.

Sababu nyingine za ukali mdogo ni kuchuma mapema na maji mengi mno wiki za mwisho. Punguza maji kidogo matunda yakianza kugeuka rangi, ila mmea usinyauke.

Vaa glavu unapotoa mbegu. Kapsaisini haiondoki kwa maji. Paka mikono mafuta ya kupikia, futa, kisha sabuni. Usikaange Carolina Reaper jikoni kulikofungwa madirisha wakati kuna mtoto au mwenye pumu ndani.

Msimu umeisha, mmea mzima unakauka kwa baridi

Pilipili si zao la mwaka mmoja. Mwishoni mwa Mei chuma kila kitu, kata matawi yabaki vishina vya sentimita 20 hadi 30, ondoa majani yote, kagua utitiri na wadudu mafuta, ingiza ndoo ndani ya nyumba penye mwanga na usiku usioshuka chini ya nyuzi 10. Maji kikombe kimoja kila siku 10 hivi, mbolea hakuna. Itaonekana kama kijiti kilichokufa; kwangua gome kwa ukucha, na chini yake pakiwa kijani ina uhai. Machipukizi yakitokea mwishoni mwa Agosti, ondoa sentimita 5 za udongo wa juu, weka mboji mpya, anza kumwagilia kawaida, na itoe nje Oktoba ukiizoesha jua kidogo kidogo kama mche mchanga. Mmea wa mwaka wa pili hutangulia kuzaa ule wa mbegu kwa miezi 2 au zaidi.